Baina ya Ngozi na Msuli

Somo la kwanza nililopata juu ya sindano, ambalo mpaka leo, nikiwa nimestaafu na mikono yangu imeanza kutetemeka asubuhi, sijapata lingine lililolizidi kwa ubayana, halikutolewa ubaoni wala kitabuni, bali lilitolewa juu ya paja la kondoo. Ilikuwa mwaka 1978, nami nilikuwa miongoni mwa wasichana waliokuwa wakifunzwa uuguzi. Mwalimu wetu, mama mmoja mrefu wa sauti ya chini, ambaye hakupata kumkemea mtu mbele ya watu, aliingia darasani na kikapu, akatoa humo paja la kondoo aliyenona, lingali na ngozi yake iliyokwisha kunyolewa manyoya, akaliweka juu ya gazeti. Akavuta katika mabomba mawili ya kioo dawa ya zambarau, ile ile tuliyokuwa tukiwapaka watoto wenye vidonda vya kinywa, kisha akaliendea lile paja kwa taadhima kama ambavyo angemwendea mgonjwa.

Sindano ya kwanza, fupi na nyembamba, aliitia baada ya kuifinya ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, akainua mfano wa tuta dogo, akachoma kwa mshazari. Ya pili, ndefu na nene kuliko ile, aliitia mbali kidogo na hapo baada ya kuikaza ngozi kwa vidole viwili vilivyotanuliwa, akaishusha wima mpaka karibu na shina lake. Kisha akachukua kisu, akapasua mahali pote pawili, akatuita tukaribie. Palipofinywa, zambarau ilikuwa imetua katika mafuta yaliyo chini ya ngozi, donge moja lisilozidi tende kwa ukubwa, limejikusanya kana kwamba linangoja ruhusa ya kutoka. Palipokazwa, rangi ilikuwa imekwisha kuzifuata nyuzi za nyama kwa urefu wake, kama maji yafuatavyo mifereji ya shamba. "Huyu amekufa," akasema huku akiligusa paja, "naye hana damu itembeayo. Basi mwazeni aliye hai." Hakuongeza neno, akatuacha tukitazama.

Miaka miwili baadaye nilipelekwa kufanya kazi katika zahanati ndogo ya Kiminini, mji ulioketi juu ya barabara itokayo Kitale kwenda Webuye, wenye Mlima Elgon upande wa machweo na vilima vya Cherangani upande wa macheo, na baina yake mashamba ya mahindi yasiyokoma machoni. Nilipofika, jambo lililonishangaza halikuwa uchache wa dawa, maana hilo nilikuwa nimeonywa, bali imani waliyokuwa nayo watu juu ya sindano. Mgonjwa aliyepewa vidonge alivitia mfukoni shingo upande, akaondoka kama mtu aliyedhulumiwa. Lakini aliyedungwa sindano, hasa ya makalio, na hasa ikiwa imemuuma hata akachechemea mpaka sokoni, alikwenda zake amepona nusu.

Nilipowauliza wazee asili ya imani hiyo, walinirudisha katika zama za buba, maradhi yaliyokuwa yakila ngozi na mifupa ya watu, ambayo tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilipambana nayo kwa sindano za bismathi, na baada ya Vita Kuu vya Pili kwa penisilini. Walinisimulia jinsi vidonda vilivyokaa miaka mingi vilivyokauka kwa siku chache, na jinsi habari ya ajabu hiyo ilivyorithiwa na wana na wajukuu ambao hawakupata kuiona buba hata kwa ndoto. Siwezi kuwalaumu. Mtu aliyeushuhudia uponyaji wa namna hiyo kwa macho yake ana haki ya kuuamini, na aliyeusikia kutoka kwa babaye ana udhuru. Lakini waliorithi imani hiyo hawakurithi pamoja nayo swali la pili, ambalo lilinishughulisha mimi kwa miaka 34 ya kazi: sindano imeingia wapi?

Kazi ya kila siku wakati ule ilianza na moto. Tuliwasha jiko la mafuta ya taa, tukatia mabomba ya kioo na sindano za chuma katika sufuria, tukayaacha yachemke. Na kabla ya kuchemsha, kila sindano tuliipitisha katika pamba, ili ikinasa uzi tujue kwamba ncha imepinda kama ndoana, tukainoe juu ya jiwe. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, na habari za UKIMWI zikaenea nchini, sindano za kutumiwa mara moja na kutupwa zikashika nafasi ya zile za kuchemshwa, na sikusikitika kuliona jiko lile likizimwa. Hata hivyo desturi ile ilikuwa imetufundisha kuijua kila sindano kwa kimo chake na unene wake, kama fundi seremala azijuavyo patasi zake, na ujuzi huo ulinifaa baadaye, zilipoanza kuja zikiwa zimefungwa katika karatasi, zote zikifanana machoni pa mtu asiyezizoea.

Chini ya ngozi kuna tabaka la mafuta, na chini ya mafuta kuna msuli. Mafuta yana mishipa michache ya damu. Msuli umejaa mishipa hiyo, kwa kuwa ndio utendao kazi. Kwa hiyo dawa iwekwayo katika mafuta huchukuliwa polepole, kidogo kidogo, na iwekwayo katika msuli hubebwa kwa haraka zaidi. Chini ya ngozi hatutii zaidi ya mililita 1 au 1.5, ilhali msuli mkubwa wa mtu mzima hustahimili mililita 3 na hata zaidi. Tena ziko dawa nzito, au kali, ambazo zikibaki katika mafuta huyachoma, pakafanyika uvimbe, pakatunga usaha. Hizo hazina makao ila msulini. Wengi hukosea wakidhani kwamba ya ndani ndiyo yenye nguvu na ya juu ni dhaifu. La. Insulini iendayo haraka kupita kiasi huua, na penisilini ya mafungu makubwa ikilala katika mafuta huleta jipu badala ya siha. Kila dawa ina mwendo wake, na mahali palipochaguliwa ndipo panapouweka mwendo huo.

Hata wale walioianzisha kazi hii hawakuwa wameyaelewa hayo tangu mwanzo. Alexander Wood, tabibu wa Edinburgh, alipoanza mwaka 1853 kuwatia wagonjwa wake afyuni chini ya ngozi kwa bomba na sindano, aliichoma pale pale palipouma, akiitakidi kwamba dawa hutenda kazi mahali iliposhukia. Mwenziwe wa London, Charles Hunter, ndiye aliyeonyesha miaka michache baadaye kwamba ukichoma mkono kwa maumivu ya uso, uso hupoa vile vile, maana dawa huchukuliwa na damu ikatembezwa mwili mzima. Nilipokuwa Kiminini nilikuwa nikimkumbuka Wood kila mara mzee aliyeumwa goti alipoinua suruali yake, akanionyesha goti, akasema, "Sista, dunga hapa."

Nimesema kwamba mahali ndipo panapouweka mwendo wa dawa. Nilijifunza maana ya maneno hayo kwa hofu mwaka 1993. Kijana mmoja aliyekuwa akipakia magunia ya mahindi katika lori aliletwa kwangu na kidonda kilichooza mguuni, nikamuuliza kama penisilini ilipata kumdhuru, akasema haijapata, nikamtia. Hazikupita dakika 5 akaanza kujikuna shingo, midomo ikamvimba, pumzi ikatoa sauti kama mlango wenye bawaba kavu, na mapigo ya mshipa wa mkono wake yakawa hafifu hata nikawa sina hakika kama nayahisi au nayatamani. Nilichukua adrenalini, nusu mililita, nikamfinya ngozi ya mkono, nikaitia chini yake, maana ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo kitabu changu kilivyoagiza. Kisha nikangoja. Sijapata kungoja vile tena maishani mwangu. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake, na mwenzake wa lorini alikuwa amesimama mlangoni amevua kofia, akinitazama kama mtu anayenidai. Nilirudia kipimo kile, nikamwinua miguu, na hatimaye, baada ya muda ambao sithubutu kuukadiria, pumzi ikamlegea, akaomba maji.

Alipona, lakini miaka kadhaa baadaye, nikiwa katika semina huko Kitale, nilisikia habari za uchunguzi uliofanywa Kanada, mjini Winnipeg, na tabibu Estelle Simons na wenzake, ukatangazwa mwaka 1998. Walikuwa wamewatia adrenalini watoto waliowahi kupatwa na mishtuko ya namna ile, baadhi yao chini ya ngozi na wengine katika msuli wa paja, wakapima damu yao. Waliotiwa pajani, dawa ilifikia kilele chake katika damu kwa wastani wa dakika 8. Waliotiwa chini ya ngozi, kwa dakika 34. Sababu yake, tulipoelezwa, ilinitia simanzi kwa jinsi ilivyokuwa wazi: adrenalini huikaza mishipa midogo ya ngozi, kwa hiyo ikiwekwa hapo hujifungia mlango yenyewe, ila mishipa ya msuli huitanua. Nilikaa kimya katika semina ile. Mbele yangu nilimwona kijana wa magunia na saa ya ukutani, na nikahesabu tofauti ya dakika 8 na 34, nayo ni dakika 26, ambazo zilikuwa zimekaa baina ya kidole gumba changu na cha shahada. Tangu siku hiyo adrenalini niliitia msulini, upande wa nje wa paja, nikawafundisha hivyo wote waliokuja chini ya mkono wangu.

Lakini asidhani msomaji kwamba msuli, kwa kuwa ni mwenye haraka, ndio salama. Msuli una jirani wa kuogopwa. Kutoka kiunoni, katikati ya kila tako, hupita mshipa wa fahamu ulio mnene kuliko yote mwilini, ushukao mpaka unyayoni, na sindano ikiugusa, au dawa kali ikimwagwa kando yake, mguu huweza kupooza. Alikuwapo mtoto mmoja, wa miaka 4 hivi, aliyekuwa akipita mbele ya zahanati pamoja na mamaye wakienda kusaga. Nilimjua kwa kiatu chake kabla sijamjua kwa uso, maana kiatu cha kulia kilikuwa kimelika ncha peke yake, hata kidole gumba kilichungulia, ilhali cha kushoto kingali kipya. Alikuwa akiuburura mguu. Mamaye alinieleza kwamba mtoto alishikwa na homa usiku, akapelekwa kwa mtu aliyekuwa akidunga watu nyumbani kwake, akatiwa kwinini takoni. "Alilia sana," akaniambia, "nasi tukafurahi, tukajua dawa imeingia."

Mtoto yule homa ilimtoka, na mguu haukurudi kamwe kuwa kama ulivyokuwa. Ng'ambo ya pili ya Elgon, katika nchi ya Uganda, madaktari wa mji wa Kumi wameandika habari za watoto wengi ambao misuli ya makalio yao imekakamaa ikawa kama kamba, wasiweze kuchutama wala kukaa magoti yakiwa pamoja, na katika historia ya watoto hao zikakutwa sindano za mara kwa mara za makalio, hasa za kwinini. Mlima ni mmoja na homa ni ile ile. Naamini kwamba wapo na huku kwetu, ila hatukuwa na mtu wa kuwahesabu. Sisi katika zahanati tuliagizwa kuizimua kwinini, tuigawe mafungu mawili, kila paja lipate fungu lake, upande wa mbele, mbali na mshipa ule. Naona faraja kwamba siku zake zimepita. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010, uliowahusu watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kilifi ya kwetu ikiwa miongoni mwa vituo vyake, ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wenye malaria kali, waliopewa artesuneti walikufa 8.5, na waliopewa kwinini walikufa 10.9, na artesuneti, mshipa wa damu ukikosekana, huweza kutiwa katika paja bila ya kuacha uharibifu ule.

Siku za kliniki ya watoto zilikuwa kama darasa la kondoo lililofunguliwa upya kila juma. Mtoto mchanga alipata chanjo ya kifua kikuu katika ngozi yenyewe, kwenye mkono wa kushoto chini ya kiwiko, kwa wepesi hata kikainuka kipele cheupe mfano wa punje ya dengu. Alipotimiza wiki 6, mapaja yake yalipokea chanjo za msulini, moja kushoto, moja kulia. Na alipotimiza miezi 9, chanjo ya surua iliingia chini ya ngozi ya mkono wa juu wa kulia. Yamkini mama aliyemshikilia mtoto hakuona tofauti, maana kilio kilikuwa kile kile. Mimi niliiona katika mkono wangu wa kushoto, ule usioshika bomba, ambao wanafunzi wengi husahau kwamba nao unafanya kazi: mara ukakaza, mara ukafinya. Na wanawake waliokuja kwa sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ambao kwa miaka mingi tuliwatia miligramu 150 msulini, nimeishi kuwaona wakiletewa dawa ile ile katika kifuko kidogo kilichoungana na sindano yake, miligramu 104, ya chini ya ngozi, ambayo Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kuwafundisha wanawake wajidunge wenyewe nyumbani. Nikisikia mwanamke wa shambani amejidunga mwenyewe, bila ya kuacha kazi wala kuomba nauli, nafurahi kuliko niwezavyo kusema.

Sasa nifike kwa kukhu, ambaye kwa ajili yake hasa nimeishika kalamu. Kukhu ndivyo sisi Wabukusu tuwaitavyo mabibi zetu, nami sikumwita kwa jina jingine ingawa hakuwa wa ukoo wangu. Alikaa upande wa kwenda Kamukuywa, katika shamba la ekari 2, na mjukuu wake wa kiume. Alikuwa na kisukari, akitumia insulini asubuhi na jioni. Kichupa chake alikihifadhi katika chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, baina yake mchanga anaoutia maji kila siku, na nilipokitia mkono nilikuta ubaridi ambao majokofu ya watu wengine hayakuwa nao siku za kukatika umeme. Alifundishwa kujidunga katika hospitali moja kubwa, zamani, alipokuwa bado mwanamke mnene wa kuvaa vitambaa viwili. Akafundishwa vyema kwa mwili aliokuwa nao.

Siku moja mwezi wa Aprili, mwaka 2006, alikuja kuchukua mabomba yake, nami nikamtaka anionyeshe tumbo. Kandokando ya kitovu palikuwa na mavimbe mawili laini, kila moja kadiri ya ndimu. Mavimbe hayo hufanyika pale mtu anapodunga mahali pamoja siku zote. Mafuta hunenepa kwa insulini yenyewe, ngozi hufa ganzi, na mgonjwa hupapenda kwa kuwa hapaumi, naye hajui kwamba dawa iliyotiwa humo hutoka kwa kubahatisha, leo nyingi, kesho haba. Nikamwambia, "Kukhu, hapa pamechoka. Hamia mapajani." Akaniitikia, "Nitahamia, mwanangu." Nikaandika katika daftari lake, nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Siku ya nne mjukuu alimleta juu ya baiskeli, amemfunga kwake kwa leso ili asianguke. Ulikuwa msimu wa kupanda, na udongo mwekundu ulikuwa ungali katika vidole vyake. Nguo zimelowa jasho, ngozi ya baridi, meno yamekazana, macho yamefunguka bila ya kuona. Kipimo cha damu kilionyesha sukari 1.8, ilhali mtu mzima wa afya hakosi 4. Mishipa ilikuwa imejificha. Niliupata mmoja katika kiwiko kwa jaribio la tatu, nikamtia maji ya sukari ya asilimia 50, taratibu, nikiangalia uso wake. Ilipoingia nusu, kope zikachezacheza, akageuza kichwa, akamwuliza mjukuu, "Jembe umeliacha wapi?"

Alipopata nguvu, nilimfanyia lile nililopaswa kumfanyia siku 4 kabla: nilimpa bomba lenye maji matupu na mto mdogo, nikamwomba anionyeshe ajidungavyo. Akaushika mto kwa mkono mmoja, akashusha sindano wima, yote, kwa mkono usiosita, kama alivyofundishwa. Nikamfunulia paja. Lilikuwa limekonda kama mwiko. Nilipoifinya ngozi nilikuta chini yake mafuta yasiyozidi unene wa kitambaa. Sindano yake ilikuwa ya nusu inchi, karibu milimita 13. Kwa muda wa siku 3 kukhu alikuwa akiitia insulini yake katika msuli. Na si katika msuli uliolala, bali katika msuli wa paja la mtu anayelima tangu alfajiri, uliokuwa ukijikaza na kujilegeza kwa kila jembe, ukiisukuma damu, na damu ikiibeba insulini mbio. Alikuwa ametoka katika uvimbe uliokuwa ukiizuia dawa, akaingia katika msuli uliokuwa ukiikimbiza. Yuniti alizovuta bombani zilikuwa zile zile, na katika daftari lake hapakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, niliyemwambia ahame nisimtazame akihama, wala nisimpunguzie kipimo, ilhali mgonjwa atokaye katika uvimbe wa namna ile aghalabu hupaswa kupunguziwa.

Nilimwomba radhi. Alinitazama kwa mshangao, maana hakuwa amezoea kuombwa radhi zahanatini, akanipapasa mkono.

Tulianza upya. Nilimwekea vidole vyake viwili juu ya ngozi ya tumbo lake, mbali na mavimbe na mbali na kitovu, akafinya, akainua tuta; nikamwonyesha mshazari, na kwamba tuta lisiachiwe mpaka dawa imeingia yote, na kwamba ahesabu mpaka kumi kabla ya kuichomoa sindano, ili tone lisirudi nje. Nilipomweleza kwamba kila siku asogee kidogo, upana wa kidole, na kila juma abadilishe upande, alinikatiza, akasema hayo anayajua: mahindi hapa mwaka huu, maharagwe pale, na mwakani kinyume chake, ardhi isichoke. Akaligawa tumbo lake viunga vinne mbele yangu kwa ncha ya kidole. Sikuwa na ramani bora ya kumpa. Baadaye nilimpatia mabomba ya sindano fupi, za milimita 8, na katika miezi iliyofuata sukari yake ilitulia, ingawa haikukosa siku zake za inda. Mavimbe yale nayo yakanywea, hata pakabaki alama tu.

Mara ya mwisho kumwona akidungwa ilikuwa mwaka 2011, amelazwa kwa homa ya mapafu katika hospitali moja ambayo sitaitaja, nami nimekwenda kumzuru kwa maziwa ya chupa na ndizi mbivu. Muuguzi alikuwa msichana mwenye adabu, mchovu, wodi nzima ikimngoja. Alifunua mkono wa kukhu, ule mkono wa ngozi na mfupa, akainua bomba wima. Nilikwisha kufungua kinywa, ila kukhu alinitangulia. Akamshika kiganja, si kwa hasira, akakiteremsha mpaka tumboni pake, katika kiunga alichokuwa amekichagua mwenyewe.

"Finya kwanza, mwanangu," akamwambia.

Msichana alinitupia jicho, nami nikatikisa kichwa kumkubalia. Akafinya. Akalaza bomba kidogo, akatia dawa, akataka kuchomoa. Kukhu akamzuia kwa kuinua kidole, akaanza kuhesabu kwa Lubukusu, polepole, kwa sauti ya kikohozi, na mama wa kitanda cha pili akaacha kuongea na mgeni wake ili asikilize. Alipofika kumi, akauachia mkono wa msichana.

"Sasa toa," akasema.